Mtoto Anapolazwa kwa Kifua: Vipimo vya Virusi Vinatuambia Nini?



Miongoni mwa maombi yanayojitokeza katika miradi ya afya siku hizi ni ombi la mashine ya kupima virusi. Tangu janga la UVIKO-19 lilipoenea duniani mwaka 2020, neno PCR limezoeleka hata vijijini. Si ajabu mjumbe akasimama kikaoni na kuuliza: kwa nini hospitali yetu isimpime kila mtoto anayelazwa kwa kifua, ili tujue ana virusi gani? Swali hilo ni zuri na linastahili jibu kamili, kwa kuwa fedha inayoombwa imetokana na sadaka za watu, na wanaosubiri matunda yake ni watoto wasioweza kujieleza.

Katika makala haya tunaeleza jinsi maambukizi ya virusi katika njia ya hewa yanavyotambuliwa kwa watoto waliolazwa, vipimo vilivyopo vinafanya nini, na vina mipaka gani. Msimamo wetu tunautaja mapema: kipimo kina thamani pale jibu lake linapobadilisha huduma anayopata mtoto. Jibu lisilobadilisha kitu kitandani ni gharama tu, hata kama mashine iliyolitoa ni ya kisasa kiasi gani.

UKUBWA WA TATIZO

Kwa miaka mingi tumezoea kuamini kuwa nimonia ya mtoto husababishwa na bakteria, na hivyo dawa yake ni sindano ya antibiotiki. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Lakini hali imebadilika, hasa baada ya chanjo kuingia. Hapa Tanzania chanjo dhidi ya bakteria wa Hib ilianza kutolewa mwaka 2009, na ile ya nimokoka ikaanza kutolewa nchi nzima mwaka 2013. Bakteria wawili waliokuwa wakiongoza kuua watoto kwa nimonia wakapungua nguvu, na sehemu ya virusi katika ugonjwa huu ikaonekana wazi zaidi.

Utafiti mkubwa uitwao PERCH, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulifanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, ikiwemo Kenya katika hospitali ya Kilifi. Ulihusisha watoto zaidi ya 4,200 wa umri wa mwezi 1 hadi 59 waliolazwa kwa nimonia kali, na wengine zaidi ya 5,100 wa rika hilo ambao hawakuwa na nimonia. Kwa watoto wasio na VVU ambao picha ya eksirei ilionyesha nimonia, ilikadiriwa kuwa virusi vilisababisha takribani asilimia 61 ya ugonjwa, na bakteria, ukiacha kifua kikuu, takribani asilimia 27. Aina moja tu ya virusi, iitwayo RSV, ilichukua asilimia 31.

Virusi hivyo vya RSV vinajulikana tangu mwaka 1956, navyo huvimbisha vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu. Kwa mtu mzima kwa kawaida huleta mafua ya siku chache. Kwa mtoto wa miezi miwili, ambaye vijia vyake ni vyembamba mno, uvimbe mdogo na makamasi kidogo hutosha kuziba hewa. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 virusi hivi viliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pamoja na RSV wapo influenza, parainfluenza, adenovirusi, rinovirusi, virusi vya korona, na metanimovirusi, ambayo iligunduliwa nchini Uholanzi mwaka 2001.

UTAMBUZI HUANZIA KWA MUUGUZI

Kabla ya kuzungumzia maabara, ni vema ikumbukwe kuwa utambuzi wa kwanza hufanyika bila mashine kubwa. Muuguzi humwomba mama amfunue mtoto kifua, kisha huhesabu pumzi kwa dakika moja nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kuanzia miezi 12 hadi chini ya miaka 5 ni 40. Muuguzi hutazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, kama pua zinatanuka, na kama kifua kinatoa mlio wa filimbi. Huuliza kama mtoto ananyonya, kama anatapika kila kitu, na kama amepata degedege au kulegea kusiko kwa kawaida.

Baada ya hapo mtoto hubanwa kidoleni au mguuni kifaa kidogo kiitwacho oksimita. Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma ni kiasi gani damu imebeba oksijeni. Kiwango kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni mara moja, iwe ugonjwa umeletwa na virusi au na bakteria. Macho ya mtu, hata ya mhudumu mzoefu, hukosea mara nyingi katika jambo hili, kwani mtoto anaweza kupungukiwa sana na oksijeni kabla ya midomo yake kubadilika rangi.

Kisha hufuata kipimo cha malaria, kwa sababu mtoto mwenye malaria kali naye huhema haraka. Kama kuna dalili, hufuata vipimo vya VVU na kifua kikuu. Hizi zote ni hatua za kumtambua mgonjwa, na zinafanyika kabla swali la virusi gani halijaulizwa.

KWA NINI MACHO NA EKSIREI HAVITOSHI

Wengi huuliza kwa nini daktari asiseme tu kwa kumtazama mtoto kama ana virusi au bakteria. Ukweli ni kwamba dalili hufanana. Virusi huleta homa kali kama bakteria. Mlio wa filimbi kwa mtoto mchanga mwenye mafua huelekeza zaidi kwenye virusi, lakini hautoi uhakika. Picha ya eksirei huonyesha kuwa pafu limeathirika, ila haiandiki jina la aliyeliathiri. Mtoto mdogo hawezi kukohoa na kutema makohozi ya kupeleka maabara, maana huyameza. Na damu inapooteshwa maabara kutafuta bakteria, majibu mengi hurudi bila kuota kitu hata kwa baadhi ya watoto wenye nimonia ya bakteria, kwa sababu bakteria wanaweza kukaa kwenye pafu bila kuingia katika damu.

Ndiyo sababu mtoto aliyezidiwa huanzishiwa antibiotiki bila kusubiri, na wahudumu wanaofanya hivyo wanafuata mwongozo. Si haki kuwalaumu kwamba wanatoa dawa ovyo. Hatari ya kumnyima dawa mtoto mwenye bakteria ni kubwa kuliko hasara ya kumpa dawa siku mbili yule ambaye hakuihitaji. Tatizo la dawa ovyo liko zaidi nje ya wodi, kwa watoto wenye mafua ya kawaida. Utafiti uliofanyika mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa na kurudi nyumbani ulionyesha kuwa takribani 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Hao wengi wao hawakuhitaji antibiotiki.

VIPIMO VYA VIRUSI VINAVYOFANYA KAZI

Ili kutafuta virusi, mhudumu huchukua sampuli nyuma kabisa ya pua kwa kijiti chembamba chenye pamba laini. Mtoto hupakatwa na mama, kichwa kikishikwa kwa upole, na kijiti hupelekwa ndani kwa kufuata sakafu ya pua, si kuelekea juu. Mtoto atalia, lakini huchukua sekunde chache tu. Sampuli ikichukuliwa vibaya, mashine ya bei yoyote itatoa jibu baya.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kipimo cha haraka, kinachofanana na kile cha malaria ambacho wengi wetu tumekiona: matone kadhaa, mstari mmoja au miwili, na jibu ndani ya nusu saa. Kipimo hiki hutafuta vipande vya ganda la virusi. Ni rahisi na hakihitaji umeme, ila kwa kawaida hutafuta aina moja au chache tu za virusi. Kwa RSV, vipimo vya haraka hugundua takribani watoto 8 kati ya 10 wenye virusi hivyo. Kwa watu wazima hugundua 3 tu kati ya 10, kwa kuwa mtu mzima hutoa virusi vichache puani. Maana yake ni kwamba jibu la "vipo" linaaminika sana, lakini jibu la "havipo" haliondoi shaka.

Aina ya pili ni PCR. Mfano wake ni mkulima aliyeokota punje moja asiyoijua: huipanda, huvuna, hupanda tena mavuno yote, hadi ghala limejaa ndipo anasema kwa uhakika hii ni mbegu gani. PCR hunakili kipande cha chembe za urithi za virusi, na kila mzunguko huongeza nakala mara mbili. Baada ya mizunguko 10 nakala moja huwa takribani 1,000, baada ya 20 huwa milioni 1, na baada ya 30 huwa bilioni 1. Ndiyo maana hugundua hata virusi vichache sana. Mashine za GeneXpert, ambazo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake kwa kifua kikuu mwaka 2010 na ambazo zimesambazwa katika hospitali nyingi za Afrika, zinaweza kupima pia influenza, RSV na virusi vya korona kwa pamoja, mradi katriji zake zipatikane.

KUVIKUTA PUANI SI KUPATA CHANZO

Hapa kuna jambo ambalo tunaomba kila kamati ilielewe. Kwa sababu PCR ina macho makali mno, huona hata virusi ambavyo havina hatia. Mtoto aliyepona mafua wiki mbili zilizopita bado anaweza kuwa na mabaki ya virusi puani. Katika utafiti wa PERCH tulioutaja, watoto wengi wasio na nimonia nao walikutwa na virusi au bakteria puani na kooni. Rinovirusi, kwa mfano, zilipatikana kwa wagonjwa na kwa wazima karibu sawa. RSV ilikuwa tofauti: ilipatikana kwa nadra kwa wazima na kwa wingi kwa wagonjwa, hivyo ikikutwa kwa mtoto mwenye nimonia kali, kuna sababu kubwa ya kuamini kuwa ndiyo iliyomwangusha.

Aidha, virusi na bakteria huweza kumshambulia mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Virusi hutangulia na kuharibu utando wa njia ya hewa, bakteria wakafuata. Kwa hiyo jibu la maabara husomwa pamoja na hali ya mtoto, halisomwi peke yake.

JIBU LINABADILISHA NINI?

Tukirudi kwenye msimamo wetu, kuna mambo manne ambayo jibu la virusi linaweza kubadilisha.

Kwanza, mpangilio wa wodi. RSV huweza kukaa kwenye meza na kitanda kwa saa kadhaa, na mikononi kwa muda mfupi zaidi, na dalili hujitokeza mara nyingi siku 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Mtoto aliyelazwa kwa malaria au kwa kuungua anaweza kuondoka hospitali na RSV aliyoipata kwa jirani wa kitanda. Hospitali inayojua ni nani ana RSV au influenza inaweza kuwalaza pamoja na kuwatenga na watoto wachanga, wenye utapiamlo au wenye ugonjwa wa moyo. Hii ndiyo faida iliyo dhahiri zaidi.

Pili, dawa. Kwa influenza ipo dawa iitwayo oseltamiviri, inayosaidia zaidi ikianza mapema. Kwa RSV hakuna dawa ya kuua virusi inayotumika kwa kawaida wodini: tiba ni oksijeni, kusafisha pua, kumpa mtoto maji na maziwa, na uangalizi wa karibu.

Tatu, kusitisha antibiotiki. Mtoto mwenye RSV anayepata nafuu, na asiye na dalili za bakteria, anaweza kusitishiwa dawa mapema. Hata hivyo, hili halitokei lenyewe. Tafiti zilizofanyika katika idara za dharura za nchi tajiri hazikuonyesha kwa uhakika kuwa kuweka kipimo cha haraka kunapunguza antibiotiki. Pasipokuwa na mwongozo ulioandikwa na madaktari waliokubaliana kuufuata, jibu huwekwa kwenye faili na dawa huendelea.

Nne, takwimu za nchi. Kupima sampuli za watoto wachache kila wiki, mwaka hadi mwaka, huonyesha msimu wa ugonjwa. Huko Kilifi, kazi ya miaka mingi imeonyesha kuwa RSV mara nyingi huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Taarifa za namna hii sasa zina thamani mpya, kwa kuwa mwezi Mei 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kinga dhidi ya RSV: chanjo kwa mama mjamzito kuanzia wiki ya 28, au sindano moja ya kingamwili kwa mtoto mchanga. Nchi inayojua msimu wake itajua pia ni lini kinga hiyo itafaa zaidi.

TUANZE NA KIPI?

Kutokana na maelezo hayo, tunapopitia maombi ya vifaa vya wodi ya watoto tunapendekeza mpangilio ufuatao.

1. Oksimita yenye kishikizo cha saizi ya mtoto. Kile cha mtu mzima hakishiki kwenye kidole cha kichanga na husoma vibaya. Baridi, kutikisika, hina na rangi ya kucha navyo huharibu usomaji, na kwa ngozi nyeusi kifaa wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko hali halisi. Wahudumu wafundishwe hayo.

2. Oksijeni ya uhakika: mitungi au mashine za kuichuja kutoka hewani, umeme wa akiba, mirija ya puani ya saizi ya watoto, na fundi. Huko Papua Guinea Mpya, hospitali 5 zilipowekewa oksimita na mashine za oksijeni pamoja na mafunzo, uwezekano wa mtoto mwenye nimonia kufa ulipungua kwa asilimia 35, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008. Vifo vilishuka kutoka karibu watoto 50 kati ya kila 1,000 hadi 32. Hakuna aliyehitaji kujua jina la virusi.

3. Maji ya bomba, sabuni, na nafasi kati ya kitanda na kitanda.

4. Vipimo vya haraka vya RSV na influenza wakati wa msimu, pale ambapo wodi ina chumba cha kutenga wagonjwa.

5. PCR, kwa hospitali za rufaa na vituo vya ufuatiliaji, hasa kwa kutumia mashine ambazo tayari zipo bila kuwanyima nafasi wagonjwa wa kifua kikuu.

Kwa wahisani wetu wanaotaka kutoa mashine, tunaomba maswali manne yajibiwe kabla ya kusaini chochote. Nani atalipia katriji mwaka wa pili na wa tatu? Nani ataitengeneza ikiharibika, na kutoka mji gani? Jibu litamfikia muuguzi baada ya saa ngapi? Na likifika, litabadilisha nini? Mradi unaojibu maswali yote manne tutauunga mkono kwa furaha. Usioweza kujibu la mwisho, ni heri fedha yake ikanunue oksijeni.

WAJIBU WA KAMATI ZA SHARIKA

Hata pasipo fedha, kamati zina kazi kubwa. Tunatoa wito kwa kila kamati ya afya kufanya yafuatayo:

- Kuwafundisha wazazi kuhesabu pumzi na kutambua kifua kinachobonyea ndani. Mtoto wa namna hiyo, au asiyeweza kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

- Kuwaeleza wazazi kuwa mtoto akipimwa na kuambiwa ana virusi, kisha asipewe sindano, hajapuuzwa. Oksijeni na uangalizi ndiyo tiba yenyewe.

- Kuwakumbusha wanaokwenda kutazama wagonjwa kuwa mwenye mafua asiingie wodi ya watoto, hata kama ni mwinjilisti au mwanakwaya. Salamu na sala zinaweza kutolewa nje ya mlango.

- Kuhimiza chanjo zote kwa wakati, unyonyeshaji, na kumweka mtoto mbali na moshi wa jikoni na sigara.

- Kuuliza katika mikutano ya bodi ya hospitali: oksimita ngapi zinafanya kazi leo, na oksijeni iliisha mara ngapi mwezi uliopita?

Swali hilo la mwisho ni dogo, lakini kamati inayoliuliza kila robo mwaka na kuandika jibu lake katika kumbukumbu itaokoa watoto wengi. Vipimo vya virusi vina nafasi yake na tunavihitaji. Tuviingize kwa utaratibu, baada ya kuhakikisha kuwa mtoto anayehema kwa shida usiku wa manane atapata hewa kabla jina la ugonjwa wake halijajulikana.